Aliyeitikia Hodi Ni Nani?

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu mliokaa safu ya mbele, na ninyi mafundi vijana mliobanana kule nyuma karibu na soketi za umeme, habari za asubuhi. Nimepewa nusu saa nizungumzie kuskani poti, yaani kubisha kwenye milango yenye namba ambayo programu za kompyuta husikilizia mtandaoni ili kuona upi unaitika, na hasa matokeo ya skani yanayotupotosha. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, maana ndiyo iliyonifundisha.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasimamia mtandao wa ofisi moja ambayo sitaitaja. Tulikuwa na anwani za umma 64, zile zinazofikika kutoka intaneti, na kati ya hizo 11 tu ndizo zilizokuwa na mashine. Ijumaa moja jioni, saa ambayo fundi yeyote anajua kwamba simu ya bosi haina heri, bosi akanipigia. Walikuwa wamemwajiri mkaguzi wa usalama wa mifumo, na ripoti imefika. Jedwali lote jekundu. Kila anwani yetu, poti ya 21 iko wazi na poti ya 554 iko wazi. Poti ya 21 ni ya FTP, njia ya kizamani ya kuhamisha mafaili ambayo hutuma nywila bila kuificha. Ile 554 hutumiwa na kamera za ulinzi na vifaa vingine vya kurusha video. Bosi akasema: zifungwe kabla ya Jumatatu.

Nikaingia kwenye seva ya kwanza, nikaandika `ss -lntp` nione programu gani inasikiliza wapi. Hakuna FTP. Seva ya pili, hakuna. Nikafungua faiawoli, yaani programu inayochuja kinachoingia na kutoka: poti ya 21 haikuwahi kuruhusiwa. Hata hivyo nikaongeza kanuni ya kuizuia, nikamwomba mkaguzi arudie. Bado wazi. Hapo jasho likaanza kunitoka, kwa sababu maelezo pekee niliyokuwa nayo kichwani yalikuwa kwamba tumeingiliwa, na huyo aliyeingia amejificha vizuri kiasi kwamba hata mfumo wenyewe haumwoni. Jumamosi usiku nikafuta seva moja nzima na kuisimika upya. Saa tisa za usiku, ndugu zangu, naangalia mstari wa maendeleo ukisogea, nje jogoo wameanza. Mkaguzi akaskani tena asubuhi. 21 wazi, 554 wazi.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya Ijumaa ileile: nikaisoma ripoti yote badala ya ukurasa wa kwanza. Anwani zote 64 zilikuwa na poti hizo wazi. Zote, pamoja na zile 53 zisizo na kompyuta, zisizo hata na waya. Nyumba haijajengwa, lakini ukibisha hodi kuna mtu anaitika.

Nikampigia mkaguzi, nikamwomba askani huku nami nikitazama. Nikawasha tcpdump, programu inayoonyesha kila pakiti ya data inayopita, kwenye rauta yetu ya nje, upande unaoelekea intaneti. Pakiti zake za poti ya 443 nikaziona zinaingia, na za poti ya 80 vilevile, zote mbili poti za tovuti. Za poti ya 21 haikuingia hata moja. Lakini kwenye kioo chake palikuwa pameandikwa "open". Kwa hiyo aliyemwitikia hakuwa kwetu. Alikuwa njiani, na tulipomfuatilia tukamkuta umbali wa mita mbili kutoka kwenye kiti cha mkaguzi: rauta ya ofisi yake mwenyewe. Rauta nyingi ndogo zina kipengele cha kuzisaidia itifaki kama FTP na zile za video, ambazo husumbuka zinapopita kwenye tafsiri ya anwani, yaani pale rauta inapobadilisha anwani za ndani kuwa ya umma. Baadhi ya rauta hizo husaidia kwa kuidaka safari yenyewe: zinamwambia mteja "karibu" kwanza, halafu ndipo zinakwenda kumtafuta mwenye nyumba. Akipatikana sawa, asipopatikana mteja ameshaambiwa karibu.

Nilifuta seva nzima kwa sababu ya rauta iliyokuwa mezani kwa mtu mwingine.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa ajili ya wale waliokuja leo kwa mara ya kwanza. Ufundi wenyewe hauna uchawi, ni hodi tu. Mazungumzo ya TCP, njia ambayo kompyuta mbili huunganishwa kwanza ndipo zitumiane data, kwa kanuni zilizoandikwa mwaka 1981 na kuandikwa upya mwaka 2022, huanza kwa pakiti inayoitwa SYN. Hiyo ndiyo hodi. Poti yenye programu inayosikiliza hurudisha SYN-ACK, yaani karibu. Poti isiyo na mtu hurudisha RST, yaani hapa hayupo, usisubiri. Na pakiti ikimezwa na faiawoli, hakuna kinachorudi. Nmap, programu ambayo Gordon Lyon aliitoa mwaka 1997 na ambayo sidhani kama kuna mtu humu hana, inayageuza majibu hayo kuwa maneno: open, closed, filtered. Iko wazi, imefungwa, imechujwa.

Ubaya wa maneno hayo ni kwamba yanaisema poti kana kwamba Nmap imeingia ndani ikaiona. Haikuiona. Imesikia sauti kutoka nyuma ya pazia, au haikusikia kitu. "Open" maana yake halisi ni: nilituma SYN, na mtu fulani, mahali fulani katikati ya mimi na ile anwani, akanirudishia SYN-ACK. Huyo mtu anaweza kuwa seva. Anaweza kuwa faiawoli iliyowekwa kuipokelea seva ili kuikinga na mafuriko ya SYN, na faiawoli ya namna hiyo huweza kuitikia "karibu" kwenye poti zote 65,535. Ukiona ripoti ya seva moja yenye maelfu ya poti wazi, usimtafute mdukuzi, mtafute mlinzi wa getini anayemwitikia kila apitaye.

Kumjua aliyeitika kuna njia rahisi ambayo watu wengi hawaitumii. Iite Nmap kwa mamlaka ya msimamizi, na uongeze `--reason`. Itakuonyesha aina ya jibu pamoja na TTL, ile namba ambayo kila rauta inayopitiwa huipunguza kwa moja. Linux huanza na 64, Windows huanza na 128, vifaa vingi vya mtandao huanza na 255. Tuliporudia skani ya mkaguzi kwa njia hiyo, jibu la poti ya 443 lilifika na TTL ya 52: limekata rauta kumi na mbili, sawa kabisa na umbali wa kwetu. Jibu la poti ya 21, kutoka anwani ileile eti, lilifika na 64 kamili. Halikuvuka rauta hata moja. Mtu anayedai ametoka Mbeya leo hii na viatu vyake havina hata vumbi!

Njia ya pili naipenda zaidi, kwa kuwa haihitaji hesabu. Skani anwani ambayo haina mwenyewe. Anwani zinazoanza na 192.0.2 zilitengwa rasmi kwa ajili ya mifano ya vitabuni, na hazipaswi kuwa na kompyuta yoyote kwenye intaneti. Iskani 192.0.2.1 kabla hujaskani kitu kingine. Poti yoyote itakayoitika hapo, itoe kwenye ripoti yako, au angalau iwekee alama, kwa sababu umeshajua kuna mtu njiani anaitikia poti hiyo kwa niaba ya dunia nzima.

Hadi hapa nimezungumzia poti zinazoonekana wazi ilhali haziko wazi. Kuhusu kimya, wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwenye skani, mara nyingi hakina mshindo wowote. Pakiti imepotea tu. Kijana anaskani kwa `-T5` kwa sababu ameambiwa ndiyo ya haraka. Hajui kwamba amesaini mkataba: `-T5` haiisubiri pakiti zaidi ya milisekunde 300, na ikikosa jibu hurudia mara mbili basi. Chukua kiungo cha setilaiti ile ya juu, kilomita karibu 36,000 kutoka ardhini, kama tulivyokuwa navyo wengi kabla nyaya za chini ya bahari hazijafika pwani yetu mwaka 2009, na kama ambavyo vituo vya mbali bado vinavyo. Hodi inapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka: kilomita zaidi ya 140,000. Hata kwa mwendo wa nuru ni karibu nusu sekunde. Seva iko hai, programu inasikiliza, jibu limetumwa, ila wewe umeshageuka umeondoka. Unaandika kwenye ripoti "imechujwa", na mwenye seva anakwenda kumlaumu mtu wa faiawoli. Hata kwa nyaya, ukiwa Dar es Salaam unaskani seva iliyo magharibi mwa Marekani, safari ya kwenda na kurudi inaweza kukaribia milisekunde zile 300 au kuzipita.

Kwetu mtu hubisha hodi mara tatu, akisubiri kila mara, ndipo aondoke. Huo ustaarabu uleteni kwenye skani. Punguza mwendo, rudia skani kwa wakati mwingine, linganisha. Poti iliyobadilika kutoka "wazi" kuwa "imechujwa" kati ya skani mbili mara nyingi inakuambia habari za njia, haikuambii habari za seva. Na kama poti za mwanzo zinajibu vizuri halafu ghafla zote zinanyamaza, jua kwamba umeshakamatwa: kuna mfumo wa ulinzi umeona fujo zako ukaifungia anwani yako. Usiendelee kuandika "imechujwa" mistari mia tisa. Simama.

Kuna na kimya cha mwanzo kabisa. Nmap kabla ya kuskani huuliza kwanza kama mwenyeji, yaani mashine yenyewe, yupo, na asipojibu inamwacha. Windows kwa kawaida haijibu ping kutoka nje. Mtu anaskani ofisi yenye kompyuta arobaini, anapata nane, anamwambia bosi zilizobaki zimezimwa. Ongeza `-Pn` tu, inayoiambia Nmap iskani bila kuuliza kwanza, basi. Nisipoteze muda hapo.

UDP. Hapa nitakaa, kwa kuwa ndiko watu wanakodanganyika wakiwa na uhakika.

UDP, ile njia nyingine ya kutuma data bila kuunganishwa kwanza, haina hodi. Ni kama kutupia barua dirishani. Mwenye nyumba akiielewa barua atakujibu. Asipoielewa ataitupa na kunyamaza. Kama poti haina mtu, mfumo hurudisha ujumbe wa ICMP, itifaki ya taarifa za hitilafu za mtandao, kusema poti haifikiki, na hapo ndipo pekee unapojua kwa uhakika kwamba imefungwa. Faiawoli ikiimeza barua, kimya. Kwa hiyo kimya kina maana mbili zinazopingana: yupo lakini hakujibu, au barua haikufika. Nmap huwa mkweli, huandika zote mbili kwa pamoja, wazi au imechujwa. Ninyi ndio mnaolifuta lile la pili mnaponakili kwenye ripoti. Msicheke, nimeziona ripoti.

Kijana mmoja tuliyekuwa naye kazini alisimika WireGuard, programu ya VPN, yaani njia ya siri ya kuunganisha kompyuta kupitia intaneti, poti ya 51820 ya UDP. Wateja hawaunganishwi. Akaijaribu poti kwa netcat, yaani `nc -zvu`, ikamjibu "succeeded". Akaja kwangu amejiamini: poti iko wazi, tatizo ni funguo. Akabadilisha funguo siku nzima. Sasa, netcat ikiulizwa namna ile hutuma barua na kungoja kidogo. Isiporudishiwa ujumbe wa kwamba poti haifikiki, inatangaza ushindi. Faiawoli ya kampuni iliyokuwa inatukodisha seva ilikuwa inazimeza barua zote kimyakimya, kwa hiyo ushindi ulikuwa wa kudumu. Nikamwambia aizime WireGuard kabisa kisha ajaribu tena. "Succeeded." Akaniangalia. Ubaya mwingine ni kwamba hata faiawoli ingekuwa wazi asingejua, maana WireGuard imeundwa makusudi isimjibu mtu yeyote asiye na ufunguo. Ukiibishia hodi kama mgeni, itanyamaza hata ikiwa hai. Kwa huduma ya namna hiyo skani haiwezi kukuthibitishia kwamba ipo. Nenda kwenye seva uwashe tcpdump uone kama barua inafika.

Na skani ya UDP ni ya polepole, usiilazimishe. Linux kwa kawaida hubana jumbe zile za ICMP hadi takriban mmoja kwa sekunde. Poti zote 65,536 kwa mwendo huo ni zaidi ya saa 18. Ukiikimbiza, jumbe nyingi hazitatumwa, na poti zilizofungwa zitaonekana kama huenda ziko wazi. Chagua poti chache unazozihofia, kama 53 ya majina ya tovuti, 123 ya saa na 161 ya usimamizi wa vifaa, na uongeze `-sV` ili Nmap itume barua ambayo huduma husika inaielewa.

Hiyo `-sV` inanikumbusha majina. Bila hiyo, jina lililo pembeni ya poti hutoka kwenye orodha tu: namba fulani, jina fulani. Ni kama kusema aliye nyumba namba 7 ni Juma kwa sababu mwaka juzi alikuwa Juma. Skani jina la tovuti iliyo nyuma ya Cloudflare, kampuni inayopokea wageni kwa niaba ya wenye tovuti, utaona 80 na 443, halafu 8080, 8443, 2083, 2086 na nyinginezo. Anayezijua poti za wauza hosting anaruka: 2083 ni cPanel, programu ya kusimamia tovuti, wameacha mlango wa utawala wazi! Anayeamini orodha ya Nmap anasoma "gnunet" pembeni ya 2086 na kudhani kuna mtu anashirikisha mafaili kwa siri. Wote wawili wamezisoma seva za Cloudflare zenyewe, ambazo huzipokea poti hizo kwa ajili ya wateja wake. Seva ya mteja hawajaifikia hata kidogo. Na mkikuta neno "tcpwrapped", maana yake mlikaribishwa, mkaingia, mkafungiwa mlango bila kuambiwa neno. Wala msiliandike kwenye ripoti kama jina la huduma.

Sasa upande ambao mimi naona ni mbaya zaidi, poti iliyo wazi ambayo wewe umeambiwa imefungwa. Kengele ya uongo hukunyima usingizi wikiendi moja. Kukosa kengele hukugharimu data.

Wengi humu mnatumia Docker, inayoendesha programu ndani ya makontena, kwenye Ubuntu, aina ya Linux, yenye faiawoli ya ufw. Unaandika kanuni: kataa kila kitu isipokuwa 22 na 443. Unaangalia `ufw status`, imeandikwa vizuri. Halafu unachapisha kontena la hifadhidata kwenye poti ya 5432, na poti hiyo iko wazi kwa dunia. Docker hugeuza anwani ya pakiti mapema, kabla haijafika kwenye mnyororo ambamo kanuni za ufw zimekaa, kwa hiyo pakiti inapita njia ya kusafirishwa kwenda kontena na haikutani na mlinzi wako. Mimi niliigundua kwenye seva yangu mwenyewe kwa kuskani nikiwa nyumbani, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiisoma ile `ufw status` kama hirizi. Chapisha kwa kuifunga kwenye 127.0.0.1, anwani ambayo seva hujiita yenyewe tu, kama hakuna wa nje anayeihitaji.

Ukiskani ukiwa ndani ya seva yenyewe, utaona na huduma ambazo wa nje hawezi kuzifikia. Ukiskani anwani yako ya umma ukiwa ndani ya mtandao wako, mara nyingi rauta yako itakuonyesha uso wake wa ndani, pamoja na ukurasa wake wa utawala. Na ukiwa kwa laini ya simu ukatafuta anwani yako ya umma na kuiskani, yaelekea unaiskani mitambo ya kampuni ya simu, maana mamia ya wateja mmewekwa nyuma ya anwani moja. Kama rauta yako imepewa anwani inayoanza na 100.64 hadi 100.127, ndiyo hali yako hiyo. Hapo unagonga mlango usio wako, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 hapa Tanzania, au ile ya Kenya ya mwaka 2018, haitakuuliza kama ulikuwa unajifunza. Ruhusa iwe kwa maandishi, yenye anwani na tarehe.

Jingine, Nmap isipoambiwa huskani poti 1,000 zinazotumika zaidi, na kwa IPv4, mfumo wa zamani wa anwani, peke yake. Seva nyingi siku hizi huja na IPv6, mfumo mpya wa anwani, tayari, na faiawoli iliyoandikwa kwa IPv4 haiijui. Ripoti safi ya upande mmoja wa nyumba. Tumia `-p-` kwa poti zote na urudie kwa `-6` kwa ajili ya IPv6.

Dada aliyeinua mkono pale kushoto ameniuliza swali zuri: itakuwaje kama huna njia ya kuingia kwenye seva uwashe tcpdump? Basi hama mahali. Skani kutoka mitandao miwili tofauti, mmoja wa ofisini na mwingine wa seva ya kukodi, kisha uweke ripoti ubavu kwa ubavu. Palipotofautiana ndipo pa kuchimba. Na uandike kwenye ripoti uliskani kutoka wapi, saa ngapi na kwa amri ipi, neno kwa neno. Mkaguzi wangu angeandika hivyo, ningelala Jumamosi ile.

Muda umekwisha, naona mwenyekiti ananionyesha saa. Kabla sijashuka: asubuhi hii, kwa ruhusa ya wenyeji wetu, niliskani 192.0.2.1 kwa Wi-Fi ya ukumbi huu. Ile anwani isiyo na mwenyewe. Nilipata poti mbili wazi, ya 53 na ya 80, zote zimerudi na TTL ya 64. Wamiliki wa ukumbi wameturuhusu tuirudie hiyo moja tu. Fungueni kompyuta zenu, na atakayemtambua aliyetuitikia aje anionyeshe pale kwenye chai.